Nilichukua vidonge vya chuma vya mke wangu nikalisha tank la matumbawe

Habari za muda huu wakuu.

Mvua inanyesha Ifakara tangu asubuhi, na siku kama hii hakuna anayempigia simu fundi wa friji. Nimeona nitumie nafasi hii kuweka hapa jambo ambalo nimekaa nalo miezi kadhaa. Yote ni kweli, na sehemu zinazoniaibisha sijazipunguza. Mke wangu amesoma kabla yenu, akasema niache hivyo hivyo.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mafriji na AC hapa mjini. Wazazi wangu ni Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe nikiwa mdogo, na hadi leo wako Michenga. Nasema hivyo mjue kwamba mimi na bahari hatujuani kabisa. Nimeiona mara nne maishani, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa juu ya paa la hoteli natengeneza AC.

Ila sebuleni kwangu kuna tank la maji chumvi.

Sizungumzii wale samaki wa dhahabu wa kwenye bakuli. Ni tank la matumbawe. Kuna miamba, kuna matumbawe laini yanayopepea kama nguo kwenye kamba, samaki wawili wa rangi ya chungwa, konokono kadhaa, na uduvi mmoja mwenye mistari myekundu ambaye mchana kutwa anajificha.

Lilikuwa la mteja wangu, mtafiti wa kigeni aliyekaa hapa mjini miaka kadhaa. Mimi ndiye niliyekuwa naihudumia chiller yake, yaani mashine ya kupoza maji, maana joto la Ifakara mnalijua. Mkataba wake ulipoisha hakuweza kuondoka nalo. Akasema kuliko viumbe wafe, bora nibaki nao mimi niliyewazoea.

Baba yangu alipokuja kuliona mara ya kwanza, alikaa kitako akaliangalia muda mrefu. Kisha akauliza wanachinjwa lini. Nikamwambia, hawa ni wa kuangalia tu baba. Hajaniuliza tena jambo lolote kuhusu lile tank hadi leo.

Sasa wengi mtauliza maji ya bahari nayapata wapi huku bondeni. Kuna dereva wa lori, anapeleka mchele Dar. Akirudi ananiletea madumu sita ya maji ya bahari, aliyoyachota mahali pasafi mbali na mjini. Na yale yanayopotea kwa mvuke naongezea maji ya mvua.

Hapa nitoke kidogo nje ya mada. Fundi mwenzangu alinishauri nikinge maji yanayodondoka kwenye AC, kwa kuwa ni maangavu na ya bure. Msifanye hivyo. Yale maji yamegusa mabomba ya shaba, na shaba kwa uduvi na konokono ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Bahati nzuri hilo nilijua mapema, kazi yangu ni mabomba.

Turudi.

Chini ya tank kubwa kuna tank dogo lenye taa yake. Humo kuna mwani wa kijani, umejisokota kama steel wool ya kusugulia sufuria. Kazi yake ni kula uchafu. Samaki wanakunya, mabaki ya chakula yanaoza, maji yanapata nitrate, mwani unaila ile nitrate kama mpunga unavyokula mbolea. Ukikua sana unapunguza kwa mkono, unatupa, na uchafu umetoka nao. Mtafiti wangu aliniachia neno moja tu: mwani ukiwa mzima, wote wazima.

Mwaka jana mwani ukaanza kupauka.

Kwanza ukawa kijani cha majani makavu, baadaye njano, mwishowe unaugusa unakatika vipande. Nitrate ikapanda kila wiki. Matumbawe yakaanza kujikunja, moja likawa halifunguki tena. Nikawa sili vizuri wakuu, nawaambia ukweli.

Nikaandika kwenye group letu la WhatsApp la wafuga samaki wa baharini, wengi wao wako Dar na Tanga. Jamaa mmoja mzoefu akaniuliza mara ya mwisho nimeweka chuma lini. Nikamwambia sijawahi. Akasema basi hilo ndilo tatizo. Mwani unakula chuma kila siku ukitengeneza ule ukijani wake, na kwenye tank lililofungwa kikiisha kimeisha, hakuna mto unaoleta kingine. Chakula kinaweza kuwepo tele pembeni yake, lakini bila chuma haukili.

Kuna wajanja hapa watasema maji ya visima vya huku yanaacha rangi nyekundu kwenye ndoo, si nichote hayo tu. Hata mimi niliwaza. Yule jamaa wa group akanikataza. Ile nyekundu ni kutu, chuma kilichokwisha kugeuka, mmea hauwezi kukitumia. Halafu maji ya kisima yanakuja na mambo mengine ya kulisha ule utelezi mbaya wa kwenye kioo.

Kinachotakiwa ni chuma cha maji, cha matone, kilichotengenezwa kwa ajili ya tank. Kukiagiza ni wiki kadhaa. Wakati huo mwani wangu ulikuwa unakufa.

Nikaenda duka la pembejeo. Kuna mbolea ya kupulizia majani, ndani ina chuma. Nikasoma lebo nikiwa nimesimama pale pale dukani, nikakuta na shaba imo. Nikairudisha. Nilijiona mtu makini sana siku ile.

Nimefika nyumbani, nafungua kabati kutafuta kiberiti, nakutana na pakiti ya vidonge vya kliniki.

Mke wangu, nitamwita mama Tumaini kwa jina la binti yetu wa kwanza, alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki wanawapa wajawazito vidonge vya kuongeza damu. Nikageuza pakiti nikasoma kilichomo. Chuma na folic. Shaba hakuna.

Pakiti ilikuwa imejaa. Kilikuwa kimetoka kidonge kimoja au viwili.

Nikamuuliza, hivi unavitumia? Akasema vinamchefua, akimeza asubuhi anatapika hadi mchana. Nikamwambia basi acha, nina kazi navyo.

Hayo ndiyo maneno yangu wakuu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Nikakwangua ile rangi ya juu ya vidonge, nikavisaga kwenye kinu, nikaviyeyusha kwenye chupa ya soda kwa maji ya mvua. Pakiti nzima. Baada ya siku chache chupa ikawa nyekundu kama maji ya mfereji wakati wa masika. Chuma kilikuwa kimegeuka kutu. Nikamwaga.

Kliniki iliyofuata akaja na pakiti nyingine. Hii nikaichanganya na vitamin C, maana nilisoma kwamba inazuia chuma kisigeuke. Ikakubali. Nikawa naweka kijiko kidogo kwenye lile tank dogo kila baada ya siku tatu.

Na ilifanya kazi. Hapo ndipo pagumu pa habari hii. Ndani ya wiki mbili mwani ukarudisha ukijani, ukawa mgumu, ukaanza kukua. Nitrate ikashuka. Lile tumbawe lililojikunja likafunguka. Nikapiga picha nikatuma kwenye group, watu wakanipongeza, nami nikawaambia kwa kujidai kwamba dawa ni ya bure kutoka kliniki.

Hakuna hata mmoja kwenye group aliyeuliza ni ya nani. Na mimi sikujiuliza.

Ngoja nile kwanza, naendelea.

...

Nimerudi.

Sasa niwaeleze nilichokuwa nakiona nyumbani bila kukitazama.

Mama Tumaini alikuwa anatafuna udongo. Ule wa vipande unaouzwa sokoni. Nilimtania kwamba atamzaa fundi matofali. Alikuwa akipanda ngazi tatu za baraza anasimama kushika ukuta. Alikuwa analala mchana, yeye ambaye ni mtu wa Uchindile, amezaliwa milimani, anatembea kuliko mimi. Nikasema ni mimba. Kila kitu nilisema ni mimba.

Mara nyingine alisema tena kwamba vile vidonge angependa avimeze ila vinamshinda. Nilikuwa nimeinama nasafisha kioo cha tank. Nikasema mmh.

Na kitu kingine, niwe mkweli: zile pakiti tupu zilimfaa na yeye. Kliniki nesi alikuwa anamwambia aje na pakiti aone kama vimeisha. Alikuwa hataki kugombezwa. Mimi namaliza vidonge, yeye anapeleka pakiti tupu, nesi anafurahi, anapewa nyingine. Hatukuwahi kukaa tukapanga, lakini mambo yalikwenda kama tuliyopanga.

Mimba ikiwa na miezi saba akaniomba tuongozane. Kliniki wanaokuja na waume zao wanahudumiwa kwanza, na yeye alikuwa hawezi tena kukaa kwenye benchi muda mrefu. Nikaenda. Ilikuwa mara yangu ya pili tu kufika pale kwa mimba hiyo.

Nesi ni mama wa makamo, sauti ya chini, haharakishi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasema amefurahi kumwona baba leo. Akamvuta mama Tumaini kope la chini, akamgeuza kiganja. Akampima damu.

Nane kasoro.

Kwa msiojua, hiyo kwa mjamzito wa miezi saba ni ndogo. Akampima malaria, hana.

"Mama, vidonge unameza?"

"Nameza."

"Pakiti umekuja nazo?"

Mke wangu akafungua mkoba akatoa pakiti mbili tupu akaziweka mezani. Nikaziangalia zile pakiti. Moja ilikuwa bado na alama ya kisu changu nilipokuwa nachokonoa vidonge vitoke haraka.

Nesi akasema kama vyote hivi vimemezwa na damu inashuka, basi kuna kitu kingine ndani. Hawezi kukishughulikia hapo kliniki. Anamwandikia aende hospitali wakamchunguze, na huenda wakalazimika kumwongezea damu. Akasema twende leo leo. Akaanza kuandika.

Tukatoka na karatasi tukakaa kwenye benchi la nje.

Wakuu, niliogopa. Sikuogopa kuumbuka, hilo lilikuja baadaye. Niliogopa kwa sababu kwa mara ya kwanza nilimwangalia mke wangu usoni mchana wa jua, nikaona midomo yake imepauka. Nilikuwa naweza kukwambia ule mwani ulianza kupauka wiki gani. Yeye sikujua hata mwezi.

Nikamwambia, turudi tumwambie.

Akasema, "Nenda wewe. Mimi nimeshamdanganya yule mama mara mbili, na leo ya tatu. Sina uso."

Nikarudi ndani peke yangu. Mjamzito mwingine alikuwa ameshaingia, nikasubiri mlangoni hadi akamaliza. Kisha nikasema. Nikasema vidonge hakumeza, nilivichukua mimi. Nesi akauliza nina ugonjwa gani. Nikamwambia sina. Nikamwambia niliviweka kwa samaki.

Akaweka kalamu chini.

"Samaki."

"Ndiyo nesi. Wa baharini. Ninao nyumbani."

"Wamepona?"

"Wamepona."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema haya, niitie mkeo. Hakunifokea hata neno. Nilitamani anifokee.

Mama Tumaini alipoingia, nesi hakumuuliza kwa nini alidanganya. Alimuuliza kwa nini hamezi. Akamweleza vile vinavyomchefua, kutapika, hadi harufu ya ile pakiti. Nesi akauliza, "Na hayo yote ulimwambia nani?"

Mke wangu akanionyesha kwa kidevu.

"Nilimwambia huyu. Mara tatu."

Mimi nilikumbuka mbili tu. Hadi leo hiyo ya tatu sijui niliambiwa nikiwa nafanya nini, na nikiwaza sana hilo ndilo linaloniuma kuliko vidonge vyenyewe.

Ile karatasi ya hospitali nesi hakuifuta. Tulienda siku hiyo hiyo, wakampima mengine, hawakukuta kitu. Upungufu wa chuma, basi. Wakasema kwa kuwa sababu imejulikana, aanze kumeza kweli kweli, arudi baada ya wiki mbili, na kama haijapanda wataongeza damu. Nesi wa kliniki naye akampa maelekezo: ameze jioni baada ya chakula badala ya asubuhi tumbo tupu. Asimezee chai, chai inazuia chuma kisiingie mwilini. Ale chungwa. Udongo aache.

Chai wakuu. Nyumbani kwangu chai inanyweka kutwa.

Tulipofika nyumbani nilimwambia tank naliondoa. Nitampigia jamaa wa Dar aje alichukue na kila kitu. Nilisema nikiwa namaanisha, nilishaanza hata kutafuta namba.

Akasema, "Uliondoe ili ndugu zako waseme nilikufukuzia samaki? Liache. Mimi sitaki uondoe kitu. Nataka nikimeza jioni, uwe umekaa hapa."

Nikamuuliza, nikae nifanye nini.

"Ukae tu."

Basi nikawa nakaa. Wali ukishaliwa, vyombo vimetolewa, anachukua kidonge, mimi nipo kwenye kigoda mbele yake. Simu nimeiacha chumbani. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili, nikashika beseni. Tukagundua akilala upande wa kushoto baada ya kumeza kinatulia. Tukagundua akisimuliwa kitu chochote, hata habari za friji la mtu, kichefuchefu kinapungua. Nimesimulia mafriji yote ya mji huu wakuu. Na yeye akasimulia, na nikasikia mambo ya nyumbani kwangu mwenyewe ambayo sikuwa nayajua.

Wiki mbili baadaye, tisa. Mwezi, kumi na ushee.

Upande wa tank, nao niwape feedback kwa sababu najua wengine mmefungua uzi kwa ajili hiyo. Chuma cha matone kilifika. Nikaagiza na test kit yake. Naweka matone machache mara moja kwa wiki, kwenye tank dogo lenye mwani na siyo kwa matumbawe, na kioo kikianza kupata utelezi wa kahawia naruka wiki. Ukizidisha unalisha uchafu. Vidonge vya hospitali msiweke. Kwangu vilikubali, ila vina rangi na unga mwingine usioujua, na zaidi ya hayo ni vya mtu.

Sasa mwisho wake.

Mke wangu alijifungua salama, asubuhi, mtoto wa kiume. Lakini baada ya mtoto kutoka, damu ilitoka nyingi kuliko kawaida. Niliona wauguzi wakipita mlangoni haraka, mara mbili, mara tatu, hakuna anayenitazama. Nilisimama pale ukutani na mfuko wa khanga mkononi, sijui kwa muda gani.

Mkunga alipotoka alikuwa anafuta mikono. Akasema imesimama, mama yuko vizuri, ataweza kunyonyesha. Akafungua kadi ya kliniki akaangalia zile namba, nane kasoro, tisa, kumi na ushee, akazipitisha kidole.

Akasema, "Angekuja na hii ya mwanzo, baba, sasa hivi nisingekuwa nakupa hongera."

Kisha akaingia ndani.

Huyu mkunga hakujua lolote kuhusu samaki. Alikuwa anasoma kadi tu.

Nilienda nje nikakaa chini nikalia. Sioni haya kuliandika.

Nilichojifunza ni kifupi. Kujua kitu hakukunisaidia, maana chuma nilikijua. Nilikuwa naweza kukuelezea kinavyofanya kazi, kinavyoisha, dalili zake, hadi lebo nilisoma. Nikautafutia mwani ambao hauna mdomo, na mwenye mdomo aliniambia mara tatu.

Haya, maswali yaleteni, nipo. Wa matumbawe, wa chiller, wa maji ya mvua, wote karibuni, na mnaotaka kunisema nisemeni, mke wangu anasubiri kuzisoma comment. Ila kama nyumbani kwako kuna mjamzito, kabla hujaniuliza ni matone mangapi, nenda kwanza kamuulize vile vidonge akivimeza anajisikiaje. Halafu kaa hapo hadi amalize kujibu.